Waliotumwa na Waliofukuzwa: Vijana wa Misheni, Kuanzia Gihundwe

Ndugu zangu, mwaka 1940 kule Cyangugu yalitokea mambo mawili ambayo vitabu huyaweka katika sura tofauti, wakati yalitokea karibu karibu kabisa. La kwanza: mtu aliyewahi kuwa mfalme wa Rwanda, Yuhi V Musinga, alitolewa Kamembe na Wabelgiji akapelekwa Moba, ndani ya Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. La pili: Waswidi wa kanisa la Pentekoste, ambao wenzao walikuwa wakihubiri upande wa Kongo tangu 1921, walivuka wakafungua kituo chao cha kwanza ndani ya Rwanda pale Gihundwe. Kutoka Kamembe hadi Gihundwe ni mwendo wa miguu tu. Mwaka mmoja, mpaka mmoja: huyu anatolewa kwenda Kongo, wale wanaingia kutoka Kongo.

Musinga alikuwa tayari ni mhamishwa kabla ya hapo. Novemba 1931 Gavana Charles Voisin, kwa kuungwa mkono na Askofu Léon Classe wa Wakatoliki, alimvua ufalme, akamweka mwanawe Rudahigwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, lakini moja kila mtu aliijua: mzee huyu hakutaka kubatizwa na hakuwataka wamisionari. Akafungiwa Kamembe miaka kama tisa hivi. Halafu Moba.

Nayaweka haya mawili pamoja kwa sababu kuna swali linatuhusu sisi wa kambini moja kwa moja. Ugenini ni ugenini. Chakula si cha kwenu, lugha si ya kwenu, watu wanakuangalia. Sasa kwa nini kijana mmoja akikaa ugenini miaka miwili anarudi kwao anaitwa mtu mzima, anapewa kiti mbele, na mwingine akikaa ugenini miaka ishirini anaitwa mzigo? Wanaotufundisha semina wanatuambia shida humkuza mtu. Mimi nimeisoma historia ya wamisionari vijana, na naona jibu liko kwingine.

Nianze na wale mnaowajua kwa macho. Katika miji yetu mikubwa, Kigali, Bujumbura, Kampala, Nairobi, Lubumbashi, mmeshawaona: vijana wawili, shati jeupe, tai, kibandiko cheusi kifuani. Hao ni Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ndugu zetu waliohamishiwa Utah wanawaona zaidi, maana makao makuu ya kanisa hilo yako Salt Lake City, na huko siku hizi kuna ibada hadi kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili chao kijana mwenye cheo hicho anaitwa Mzee. Kijana wa miaka 18, ndevu bado zinabahatisha, kibandiko kinasema Mzee! Bibi zetu wakisikia wanacheka hadi wanashika mbavu. Lakini cheo chenyewe si cha mzaha. Wanaume hutumika miezi 24, kina dada miezi 18. Oktoba 2012 kanisa lilishusha umri wa kuanza, wanaume kutoka 19 hadi 18 na wasichana kutoka 21 hadi 19, na idadi yao ikapanda haraka sana duniani kote.

Maisha yao ya kila siku yanashangaza kwa jinsi yalivyopangwa. Kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sala, mazoezi kidogo, chai. Kusoma peke yako, halafu kusoma na mwenza wako. Kutoka nje, kutembea, kubisha hodi, kufundisha, kusaidia mtu kubeba matofali au kulima akikubali. Kurudi usiku, kupanga kesho, kulala saa nne na nusu. Hakuna uchumba, hakuna filamu za usiku, hakuna kutangatanga peke yako. Mwenza lazima awe mahali unapomwona au kumsikia. Siku moja ya juma ni ya kufua, kununua vitu sokoni, na kuwasiliana na nyumbani. Zamani walikuwa wanaandika barua pepe kila juma, na simu ni mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 wakaruhusiwa kupiga simu au kuonana na wazazi kwa video kila juma. Nadhani akina mama ndio walioshangilia zaidi.

Mwenza humchagui. Nchi pia huichagui. Unajaza fomu, unasubiri, barua inakuja kukwambia utatumika wapi na kwa lugha gani, na familia nzima inakusanyika kuisikiliza ikisomwa. Hapa wengi wenu mnatabasamu, maana mnaijua hali hiyo kutoka mlango mwingine. Jina linapotoka kwenye orodha ya ndege, na wewe hukuchagua mji, na jirani wote wamejaa mlangoni kuuliza ni wapi, ni wapi. Tofauti ni kwamba yule wa misheni anajua pia siku ya kurudi.

Baadaye kuna mafunzo. Asiyehitaji lugha mpya hukaa kituoni majuma machache tu, mwenye lugha ngumu huweza kukaa hata miezi miwili. Halafu anatupwa mtaani na kugundua kwamba hajui kitu. Na hapo ndo kukua kunakoanza, kwa maoni yangu. Si mahubiri yanayomkuza. Kijana wa kutoka nyumba yenye mashine ya kufulia anajifunza kufua shati jeupe kwa beseni, na anayemfundisha ni binti wa jirani anayecheka vidole vyake vinavyochubuka. Anajifunza kwamba ukikaribishwa chakula hukatai, unaonja. Anajifunza kuketi kimya msibani. Anagundua kwamba mwenza wake, labda Mganda au Mkongo, ana majibu ambayo yeye hana, na kwamba atalala chumba kimoja naye hata wakikosana, kwa sababu ratiba haina mlango wa kukimbilia. Siku hizi wengi wanaoonekana na vibandiko hivyo kwenye miji ya Afrika ni Waafrika wenyewe, kwa hiyo hata hadithi ya "Mzungu amekuja" imeshapitwa.

Haikuwa hivyo siku zote, na lazima niseme wazi. Kanisa hilo lilianza 1830, lakini kwa zaidi ya miaka mia moja liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na kwa hiyo kijana Mwafrika hakuweza kuitwa Mzee wala kutumwa. Zuio hilo liliondolewa Juni 1978. Zaire ililitambua rasmi kanisa hilo 1986. Hekalu lao la Kinshasa lilifunguliwa Aprili 2019, la Nairobi Mei 2025. Yaani baba wa kijana anayevaa kibandiko leo Lubumbashi alizaliwa wakati mlango ule umefungwa. Wengine wetu jambo hilo linatutosha kusema asante, hapana. Wengine wamelisoma, wakasamehe, wakaingia. Mimi simsemei mtu.

Sasa turudi Rusizi. Ratiba kali, wenza wasioachana, daftari la kila siku: mambo haya hayakuanza na Wamormoni. Mibirizi, ambayo leo iko wilaya hiyo hiyo ya Rusizi, ilipata kituo cha Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, mwaka 1903, enzi za Wajerumani. (Wapenzi wa kahawa wanalijua jina hilo: kuna aina ya kahawa inaitwa Mibirizi mpaka leo.) Mwanzilishi wa shirika lao, Lavigerie, aliweka sheria kwamba padre asikae peke yake, wawe watatu angalau kila kituo. Wajifunze lugha ya wenyeji mapema iwezekanavyo, waitumie. Na kila kituo kiandike shajara, kila siku, mvua imenyesha, nani amekuja, nani amekataa, nani ameugua. Vitabu hivyo vya kituo vipo bado. Wanahistoria wa Rwanda wanachimba humo hadi leo kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeandika siku baada ya siku namna ile.

Angalieni vizuri sheria ya watatu. Lavigerie hakuwa mjinga, alijua ugenini unafanya nini kwa kijana aliye peke yake. Unamletea wazimu, au pombe, au kiburi. Kwa hiyo kukua kwa mmisionari hakukuachwa kwa bahati wala kwa shida. Kulijengewa nyumba: wenzako wawili, lugha, kitabu cha kuandika, na mtu wa mbali anayesubiri kukisoma.

Waswidi wa Gihundwe walikuwa na mpango mwepesi zaidi. Wapentekoste wa Sweden hawakupenda bodi kubwa za misheni; kila mmisionari alitumwa na kusanyiko la mji wake, na kusanyiko hilo ndilo lililomlisha. Watu wa kawaida walikuwa wanatoa sarafu zao ili mwalimu au nesi mmoja akae Afrika. Wengi wa waliotumwa na makanisa hayo walikuwa wanawake wasioolewa. Ni mpango mzuri wakati barabara iko wazi. Lakini tazameni mwaka: 1940. Aprili Ujerumani inaingia Denmark na Norway. Mei inaingia Ubelgiji, ambao ndio watawala wa Ruanda-Urundi na Kongo. Sweden haikuvamiwa, lakini ilizingirwa, na njia za kawaida za meli zilifungwa. Barua zikawa za kuzunguka, pesa vilevile, na kurudi nyumbani kulisubiri vita iishe. Nani angejua itaisha lini?

Hapo ndipo Gihundwe inanivutia zaidi ya Mibirizi. Watu waliofika wakiwa na tarehe ya kurudi ghafla hawana tarehe. Waliotumwa wanakaribia kufanana na waliokwama. Wanakijua kile tunachokijua: kungoja habari ambazo zikifika zimeshachakaa. Hata hivyo bado walikuwa na vitu ambavyo mkimbizi hana. Utawala wa kikoloni uliwaruhusu kuwepo, ingawa uliwapendelea Wakatoliki, na ruzuku za shule kwa Waprotestanti zilichelewa hadi baada ya vita. Walikuwa na rangi iliyofungua milango. Walikuwa na kazi. Na ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Bukavu ambao wakati huo uliitwa Costermansville, walikuwa na wenzao na makanisa ya Kikongo yaliyosali kwa Kiswahili.

Kiswahili chao cha Kivu kiliweza kuwasaidia sokoni, lakini si kwenye vilima. Kinyarwanda hakisamehi. Tukichukulia neno moja tu, inda: ukipandisha sauti vibaya, tumbo linakuwa chawa. Umusambi ni mkeka, umusambi pia ni yule korongo mwenye taji, na tofauti iko kwenye sauti tu. Sisi wenyewe tuliotoka Kivu tunajua tulivyochekwa shuleni. Fikiria mtu wa Stockholm! Bahati yao, Agano Jipya la Kinyarwanda lilikuwa limeshatoka mwaka 1931, kazi iliyoongozwa na Mwanglikana Harold Guillebaud. Kwa hiyo walikuwa na kitabu cha kushika, lakini kitabu hakikuonyeshi sauti. Sauti unapewa na mtu. Na yule anayekupa, mara nyingi ni mtoto, anakurudisha nyuma mara kumi, anacheka, anakwambia sema tena. Mtu mzima mwenye elimu yake anakuwa mwanafunzi wa mchunga mbuzi. Katika maisha yote ya umisionari sioni kitu kinachokuza kuliko hicho, na kwa hilo mkimbizi na mmisionari ni darasa moja.

Kisha ikaja Ruzagayura. Ni njaa ya 1943 na 1944, ambayo wazee wa Rwanda waliitaja kwa jina hilo mpaka wanakufa. Ukame, ugonjwa wa viazi, na juu yake amri za kikoloni za kutoa chakula na nguvu kazi kwa ajili ya vita. Hesabu za waliokufa zinatofautiana sana kati ya vitabu, lakini hata zile ndogo ni makumi ya maelfu, na wengine wengi walivuka kwenda Kongo na Uganda kutafuta cha kula. Kituo cha Gihundwe kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Katikati ya njaa hiyo, Oktoba 1943, Mfalme Rudahigwa alibatizwa kuwa Mkatoliki, jambo ambalo baba yake alikataa hadi akapoteza kiti. Na baba yake alifia Moba mwaka 1944, hajarudi.

Kitu kingine ambacho shajara za Wazungu hukitaja kwa mstari mmoja tu, au hazikitaji: wamisionari vijana wa kwanza katika nchi hizi wengi walikuwa Waafrika. Mapadre Weupe walipoingia Save mwaka 1900 walikuja na Waganda. Hao Waganda walikuwa ugenini sawasawa na mapadre, na tena wenyeji hawakuwapenda sana, lakini majina yao mengi hatunayo. Kwa bahati kuna wachache tunaowajua. Blasio Kigozi, Mganda, alikwenda Gahini mashariki mwa Rwanda mwaka 1929 akiwa kijana wa kama miaka ishirini, kufundisha shule ya misheni ya Kianglikana. Alijifunza Kinyarwanda, akakaa na watu, akachoka, akakata tamaa na usingizi wa kanisa lake mwenyewe, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha ule uamsho uliosambaa Afrika Mashariki yote. Alifariki Januari 1936 huko Kampala kwa homa, hajafikisha hata thelathini.

Mwingine ni Apolo Kivebulaya, naye Mganda, aliyefika Mboga mwaka 1896, sehemu ambayo leo ni Ituri ndani ya Kongo. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena kwa watu wale wale. Alipokuwa anakaribia kufa mwaka 1933 aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha, wakati desturi ilikuwa kuelekeza mashariki. Mboga palikuwa ugenini kwake, akapafanya kaburi lake. Najua wako wasomaji wa kundi hili ambao kwao ni karibu na huko, na hivi sasa hawawezi kufika.

Nikiorodhesha walichokuwa nacho wote hawa, Msweden, padre wa Mibirizi, Kigozi, kijana wa Kimormoni, naona ni vitu vile vile. Kuna aliyewatuma na anayetaka habari zao. Kuna mwenza. Kuna kazi ya asubuhi hadi jioni, na hata wakiivuruga, kesho wanaendelea. Kuna lugha wanayolazimika kuiomba kwa wenyeji. Na kwa wengi wao kuna tarehe. Shida ilikuwepo, ndiyo, malaria, njaa, upweke. Ila shida ilikuja juu ya msingi huo. Ukiondoa msingi ukabakiza shida, hupati mmisionari. Unapata Kiziba.

Kambi ya Kiziba, kule Karongi, ilifunguliwa 1996. Aliyezaliwa humo mwaka wa kwanza ameshapita umri wa Wazee wote wa Kimormoni, ametumika miezi 24 zaidi ya mara kumi bila barua ya wito. Februari 2018, baada ya posho kukatwa, wakaazi waliandamana hadi mjini Karongi na polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Wapendwa wetu wafanyakazi wa mashirika, ninyi mnaosoma hapa, si kwamba nawalaumu. Lakini ninyi wenyewe mko kwenye mpango wa kimisionari: mna mkataba wenye tarehe, likizo, mwenzako wa ofisini, ripoti ambayo mtu Geneva au Roma anaisubiri. Miaka miwili Rusizi inakwenda kwenye wasifu wako kama uzoefu. Yule unayemwandika kwenye ripoti, miaka yake kumi hapo hapo inaitwa muda wa kusubiri. Nauliza tu, nani alipanga hesabu hiyo?

Vijana kadhaa wameniuliza kama mkimbizi anaweza kutumwa. Jibu la historia ni kwamba kutumwa kunataka karatasi. Aliyejiunga na kanisa, akapewa wito, anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa Mkataba wa 1951, na viza ya huko anakokwenda, na ruhusa ya kurudi. Ndiyo maana vijana wengi wa Kongo hutumwa ndani ya Kongo yenyewe au kwenye nchi nyingine za Afrika zinazosema Kifaransa. Apolo alivuka hadi Mboga kwa miguu. Waswidi walivuka Rusizi wakiwa na barua kutoka kwa watawala. Sisi tuliovuka Rusizi tulivuka na godoro.

Na tusiwapambe wamisionari kupita kiasi. Miaka 91 baada ya Mibirizi, miaka 54 baada ya Gihundwe, vilima hivyo hivyo vilijaa makanisa na watu waliobatizwa wakawaua majirani zao, katika mkoa ule wa Cyangugu na nchi nzima. Watutsi waliokuwa wamefungiwa uwanja wa Kamarampaka walipelekwa Nyarushishi, na maelfu walikuwa huko wanajeshi wa Ufaransa walipofika Juni 1994. Makanisa makubwa ya wakati huo hayakutoka na mikono safi. Anayesema umisionari ulileta ustaarabu, apite kwanza Nyarushishi. Jina hilo vijana wapya wa kundi wanalijua kwa sababu nyingine, maana ndiko walikopokelewa wengi waliotoroka mapigano ya Uvira.

Pamoja na hayo sitaki kusema kazi ile ilikuwa bure. Dokta Denis Mukwege wa Bukavu amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mtoto mchanga, 1955, aliugua nusura afe, na mmisionari mwanamke Mswidi ndiye aliyehangaika mpaka akapata dawa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, wa makanisa yale yale yaliyotokana na Waswidi wa Kivu. Mukwege alikuwa anamfuata baba yake kuombea wagonjwa, akaona sala peke yake haitoshi, akaenda kusomea udaktari Bujumbura, akafanya kazi hospitali ya misheni ya Lemera mpaka iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Panzi ilianza 1999, Nobeli ikaja 2018. Yule mama Mswidi hakujua anamhangaikia nani. Alikuwa kazini tu, siku ya kawaida, yenye kelele za mtoto.

Leo Gihundwe ni sekta ya wilaya ya Rusizi, ina hospitali ya wilaya na shule, na kanisa lililoanzia pale, ADEPR, limeenea Rwanda nzima. Ukitoka hapo kidogo unafika Kamembe alikokaa Musinga, na ukishuka unafika mpakani. Asubuhi mpaka unapofunguliwa wanavuka wauza samaki, wanafunzi, kina mama na mabeseni ya nyanya, mara nyingine mhubiri mwenye Biblia kwapani, na mara nyingine familia yenye mabegi ambayo haisemi inakwenda wapi. Afisa anawauliza wote swali moja: utarudi lini?

Mhubiri hujibu haraka.